Gitaa aliloacha baba mdogo: Ibanez ya Japani na ile "kesi" inayosemwa

"Shikamoo fundi. Baba yangu mdogo alikuwa akicharaza solo katika bendi za dansi hapa Tanga. Alipofariki mwaka jana, familia ikanikabidhi gitaa lake. Lina pembe mbili fupi za mviringo, rangi ya kahawia pembeni inayofifia kuwa njano katikati, na shingo haina skrubu kwa nyuma, imeungana moja kwa moja na mwili. Kichwani limeandikwa Ibanez, na nyuma ya kichwa kuna namba F784521 na maandishi kwamba limetengenezwa Japani. Sasa kila mtu ana lake. Rafiki mmoja anasema Ibanez ni jina la Kihispania, kwa hiyo hilo la 'Japani' ni feki. Mwingine anasema ni gitaa la kesi: Wajapani walishtakiwa na Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, wakaamriwa kuyachoma yote, na yaliyosalia ni dhahabu. Wa tatu ana studio, anasema ni kopi tu na ananipa laki nne niachane nalo. Nyuzi zimeinuka mno, kubonyeza ni taabu, na likichomekwa kwenye amplifaya linakwaruza. Ni gitaa gani hili, na nilifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Nianze na jambo moja la haraka: usilitoe kwa laki nne. Sisemi ni dhahabu, maana si dhahabu. Lakini kwa maelezo uliyonipa, hiyo bei haifiki hata robo ya thamani ya gitaa la aina hiyo likiwa zima. Unachoniuliza ni kama ulichorithi ni kitu halali na cha heshima, au ni kitu cha kuiga kilichobebeshwa hadithi. Ni kitu halali. Ila hadithi ulizopewa zote tatu zina kasoro, na kila moja imeshika kipande cha ukweli, ndiyo maana zinakuchanganya.

Tuanze na namba. Kuanzia mwaka 1975 Ibanez walianza kugonga namba zenye herufi moja mbele. Herufi hiyo ni mwezi: A ni Januari, B ni Februari, hivyo hivyo mpaka L ambayo ni Desemba. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, na nne za mwisho ni mfuatano wa uzalishaji. F ni herufi ya sita. Kwa hesabu hiyo F784521 ni gitaa la Juni 1978.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa hata wauzaji wazoefu. Mwaka 1987 utaratibu ulibadilika. F ikaacha kuwa Juni, ikawa alama ya kiwanda cha FujiGen, na tarakimu moja tu baada yake ndiyo mwaka. Kwa utaratibu huo mpya, namba yako hiyohiyo ingeweza kusomeka kama gitaa la 1987. Namba peke yake haimalizi shauri, ni lazima uitazame pamoja na mbao. Ibanez ya 1987 ndiyo ya zama za matoleo yaitwayo RG na JEM: pembe ndefu zilizochongoka, shingo nyembamba iliyofungwa kwa skrubu, daraja (kile kipande kinachobeba nyuzi mwilini) la kutikisika lenye kufuli za nyuzi. Wewe unanieleza pembe fupi za mviringo na shingo iliyogundishwa. Hilo ni umbo la Artist, toleo la Ibanez la miaka ya 1970. Ukinitumia picha ya mgongo wa shingo pale inapokutana na mwili, na nyingine ya daraja, nitakuthibitishia, lakini mimi nimeshalisoma kama la 1978.

Sasa hilo jina. Rafiki yako wa kwanza yuko sahihi kwamba Ibanez ni jina la Kihispania. Salvador Ibáñez alikuwa fundi wa magitaa wa Valencia, akafariki mwaka 1920. Upande wa pili wa dunia, katika mji wa Nagoya, kulikuwa na duka la vitabu la familia ya Hoshino. Mwaka 1908 duka hilo lilianza kuuza pia ala za muziki na karatasi za nota. Mwaka 1929 mpiga gitaa maarufu wa Hispania, Andrés Segovia, alizuru Japani, na watu wakapandwa na hamu ya gitaa la Kihispania. Mwaka huohuo Hoshino walianza kuagiza magitaa ya karakana ya Salvador Ibáñez. Mzigo kutoka Valencia ulipokatika katika miaka ya 1930, ambayo kwa Hispania iliishia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, Hoshino hawakutaka kulipoteza jina ambalo wateja wao walishalizoea. Kuanzia mwaka 1935 wakawa wanatengeneza magitaa yao wenyewe wakiyaita Ibanez Salvador. Baadaye likabaki Ibanez tupu.

Kwa hiyo gitaa lenye jina la Kihispania lililotengenezwa Japani si feki. Ndivyo kampuni ilivyo tangu zaidi ya miaka themanini iliyopita. Ibanez feki zipo, ndiyo, ila wanaofoji hupenda kuiga magitaa mapya yanayovuma, yale yenye rangi kali na majina ya wapigaji wa roki. Sijawahi kuletewa Artist ya 1978 iliyofojiwa.

Vita Kuu ya Pili iliikumba Nagoya kwa mabomu, na Hoshino walipoteza walichokuwa nacho. Walipojipanga upya miaka ya 1950 waligeukia kuuza nje. Mwaka 1962 wakafungua kiwanda chao wakakiita Tama, jina la mama wa ukoo huo. Ukiona ngoma zilizoandikwa Tama kwenye jukwaa, ni nyumba hiyohiyo. Kiwanda hicho hakikudumu na magitaa, na kazi ya magitaa ya umeme ikaenda kwa FujiGen, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1960 na Yutaka Mimura na Yuichiro Yokouchi katika mji wa Matsumoto, mkoa wa Nagano, huko milimani.

Naomba uelewe hapo vizuri, kwa sababu watu wengi hufikiri Ibanez ni kiwanda. Hoshino ni wafanyabiashara: wanabuni, wanaagiza, wanauza. Anayekata mbao ni mwingine, na kwa gitaa lako mkono huo ni wa FujiGen. Matsumoto ulikuwa mji wa maseremala hodari. Kampuni nyingine ya mji huohuo, Matsumoku, ilikuwa ikitengeneza makabati ya cherehani za Singer kabla ya kuingia kwenye magitaa. Mtu aliyezoea kuunga droo ya kabati isiyocheza hata unywele ndiye huyo aliyekuja kuunga shingo ya gitaa. Unapopitisha ukucha kwenye mwungano wa shingo na mwili wa gitaa la baba mdogo wako, usisikie mwanya, unagusa kazi ya watu hao.

Tuje kwenye kesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ibanez walikuwa kweli wakiiga Gibson na Fender, kampuni nyingine kubwa ya Marekani, tena waziwazi. Marekani kwenyewe kampuni hizo mbili zilikuwa zimeingia mikono mipya. Fender ilinunuliwa na CBS mwaka 1965, na Gibson ikaangukia kwenye kundi lililokuja kuitwa Norlin. Wapigaji wengi wakalalamika kwamba ubora umeshuka huku bei ikipanda. Nakala ya Kijapani ikaingia ikiwa imetengenezwa kwa uangalifu na bei nafuu. Msambazaji wake Marekani alikuwa kampuni ya Elger, ya huko Pennsylvania, iliyoanzishwa na mwenye duka la muziki Harry Rosenbloom.

Tarehe 28 Juni 1977 Norlin waliishtaki Elger katika mahakama ya Philadelphia. Shtaka halikuwa juu ya gitaa zima. Lilikuwa juu ya kichwa, ile ncha ya juu yenye mkunjo mfano wa kitabu kilichofunguliwa, ambayo Gibson waliiona kuwa alama yao. Na wakati shauri linafunguliwa, Ibanez walikuwa tayari wamekwisha kuacha umbo hilo wakaweka kichwa chao wenyewe. Mwaka 1978 pande mbili zikaelewana nje ya mahakama. Hakuna hukumu ya kuchoma magitaa, na wala hakuna gitaa la mtu lililopaswa kuteketezwa.

Siku hizi neno "gitaa la kesi" linabandikwa kwenye kila nakala ya Kijapani ya miaka hiyo: Greco, Tokai, Burny na nyingine nyingi. Kesi hiyo haikuwahusu hao. Wauzaji wanalipenda neno hilo kwa sababu linapandisha bei bila gharama. Gitaa lako limetoka kiwandani Juni 1978, karibu mwaka mzima baada ya shauri kufunguliwa, likiwa na kichwa ambacho hakimwigi mtu. Si la kesi kwa maana yoyote ile.

Na hapa ndipo ninapotaka kumjibu huyo mwenye studio, kwa sababu neno lake "kopi tu" limeniuma. Artist si kopi. Ni gitaa ambalo Ibanez walilibuni katikati ya miaka ya 1970 ili waache kuitwa waigaji: pembe mbili zinazolingana, shingo ya mbao ya mepo (maple) iliyogundishwa, na kwa matoleo mengi mwili wa mahogani wenye uso wa mepo juu yake, uzito wa kutosha kuifanya noti ikae hewani. Wakati huohuo wakaanza kukaa na wapigaji wenyewe na kuwauliza wanataka nini. Ndipo likaja gitaa la mpiga jazi George Benson, GB10, na lile la Paul Stanley wa bendi ya Kiss lenye umbo la ajabu. Miaka kumi baadaye, 1987, likaja JEM la mpiga roki Steve Vai, lenye tundu la kushikia mwilini. Pikapu za Artist za kipindi hicho, yaani vile vinavyonasa mlio wa nyuzi, zilitengenezwa na Nisshin Onpa, wale wa chapa ya Maxon, ambao ndio pia waliotengeneza kile kiboksi cha kijani cha kukwaruza sauti, Tube Screamer, ambacho wapiga solo wa dunia nzima wanakikanyaga mpaka leo. Gitaa ulilorithi limetoka katika kipindi kifupi ambacho Wajapani walikuwa wanathibitisha kwamba wanaweza kubuni, tena wakati kazi bado ilikuwa ikifanyika Japani. Baada ya mwaka 1985 yen ilipanda thamani kwa kasi dhidi ya dola, magitaa ya Japani yakawa ghali kwa mnunuzi wa nje, na magitaa ya bei ya chini na ya kati yakahamia Korea, baadaye Indonesia na China. Ndiyo maana Ibanez mbili zinazofanana kwa jina zinaweza kutofautiana sana mkononi.

Haya, hali yake ya sasa. Nyuzi kuinuka kunatokana na nguvu. Seti ya kawaida ya nyuzi za gitaa la umeme ikikazwa inaivuta shingo kwa zaidi ya kilo arobaini, usiku na mchana. Kinachopingana na mvuto huo ni mbao yenyewe na fimbo ya chuma iliyozikwa ndani ya shingo. Hewa ya Tanga ina unyevu, mbao inanyonya, inalegea kidogo, na shingo inapinda kuelekea nyuzi kama upinde wa mshale. Likikaa miaka bila kupigwa, na nyuzi zimekazwa, ndivyo inavyokuwa.

Pima hivi. Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, kisha tazama katikati, karibu na freti ya saba au ya nane. Nafasi kati ya uzi na freti inatakiwa iwe ndogo, kama unene wa karatasi ngumu ya kadi ya mwaliko. Ukiona inazidi hata unene wa kadi ya benki, shingo imepinda, na hilo hurekebishwa kwa fimbo. Ukiona nafasi ni ndogo na shingo imenyooka, lakini nyuzi bado ziko juu, basi tatizo liko kwenye daraja, au kwenye mwungano wa shingo na mwili. Daraja ni kazi ya dakika kumi. Mwungano ukiachia ni habari nyingine, kwa sababu shingo yako imegundishwa, haina skrubu ya kukaza.

Fimbo unaweza kuijaribu mwenyewe kwa masharti: legeza nyuzi kwanza, tumia spana inayokaa sawasawa kwenye nati ya fimbo hiyo, zungusha robo tu, kaza nyuzi, subiri mpaka kesho, upime tena. Ikigoma, acha palepale. Nati iliyokaa zaidi ya miaka arobaini kwenye chumvi ya pwani ikikatika, ukarabati wake utazidi hiyo laki nne.

Kukwaruza kwa sauti kusikutishe. Mara nyingi ni vumbi na kutu ndani ya vitasa vya sauti (vile vya kuzungusha), au tundu la waya limelegea. Dawa ni kipulizo cha kusafishia vifaa vya umeme, kile kinachokauka bila kuacha mafuta. Kipulize ndani ya kitasa, kisha zungusha kitasa huku na huko mara ishirini. Usitumie mafuta ya cherehani wala ya baiskeli, yatakusanya vumbi na kuua kitasa kabisa. Lakini ukigusa nyuzi ukapigwa na shoti, hata ndogo, chomoa kila kitu na usilipige tena mpaka fundi umeme aitazame amplifaya na soketi ya ukutani. Gitaa lenyewe halizalishi umeme wa kumdhuru mtu. Shoti inatoka kwenye amplifaya isiyo na waya wa ardhi, na hiyo huua watu jukwaani.

Kuuza au kubaki nalo? Nitakuambia ninavyoona kwa uwazi. Ikiwa una shida ya fedha ya haraka, hakuna dhambi kuuza, lakini litengeneze kwanza, lipige picha nzuri, na utafute mnunuzi anayejua Artist ni nini. Katika masoko ya magitaa yaliyotumika ya Ulaya na Marekani, Artist nzima ya miaka hiyo huenda kwa mamilioni ya shilingi, na hata ukitoa gharama ya kusafirisha bado utakuwa mbali na laki nne. Likikosa vipuri vyake vya asili bei inashuka sana. Ikiwa huna shida hiyo, na mtu mmoja katika familia ana nia ya kujifunza, ushauri wangu ni mlibakize. Kwa bei utakayouzia, hamtapata jipya linalolingana nalo.

Jambo moja tu nakusihi usilifanye, na nasema kwa uchungu. Miaka michache iliyopita niliwekewa mezani Artist ya aina hiihii, imepakwa rangi nyeusi ya gari kuanzia kichwani hadi chini. Mwenyewe aliambiwa itang'aa. Nilipofungua kifuniko cha nyuma, kwenye ukingo wa shimo ambako bunduki ya rangi haikufika, palikuwa na ukanda mwembamba wa rangi yake ya kwanza, kahawia ikiyeyuka kuwa asali, na mistari ya mbao inaonekana chini yake. Pikapu za zamani zilikuwa zimeng'olewa na kutupwa, wakaweka za bei rahisi kwa sababu za zamani "zilikuwa na kutu". Gitaa lilipigika, ila lilichokuwa nacho hakikurudi. Kutu ya juu ya kifuniko cha pikapu haina madhara yoyote kwa sauti. Michubuko iliyoko kwenye gitaa la baba mdogo ni ya mkono wake, iache.

Kwa hiyo nenda kwa fundi ana kwa ana ikiwa nati ya fimbo imegoma, ikiwa unaona ufa au mwanya pale shingo inapoingia mwilini, ikiwa freti zimelika mpaka zina mabonde chini ya nyuzi, au ikiwa baada ya kusafisha vitasa sauti bado inakatika. Mtafute anayetengeneza magitaa, usimpe seremala wa vitanda hata akiwa hodari, kwa sababu gundi yake na msasa wake ni vya kazi nyingine. Muulize kabla hajagusa chochote: amewahi kurekebisha shingo iliyogundishwa? Akisita, mshukuru na uondoke nalo. Akilipokea, kaa uone anavyolifungua, lipige picha kabla na baada, na kila atakachokitoa, iwe skrubu, kitasa au kipande cha waya, akurudishie mkononi. Vitie kwenye bahasha, andika namba F784521 juu yake, na bahasha hiyo ikae ndani ya kasha pamoja na gitaa.